Mguu Kwanza, Kiatu Baadaye

WATU wengi waonapo picha ya msichana wa baleti amesimama juu ya ncha za vidole vyake, hudhani kwamba ndani ya kile kiatu chake cha kung'aa mna chuma, au kipande cha mti, au hila nyingine inayomshika asianguke. Nimeyasikia maneno hayo kwenye baraza za Mji wa Kale, Mombasa, na nimeyasikia pia kwa watu waliosoma na kusafiri. Bwana mmoja aliniapia kabisa kwamba mna springi.

Kama mchezo huu ungalikuwa bado ni wa Ulaya peke yake, tungaliweza kuwaacha watu na dhana zao. Lakini siku hizi baleti inafundishwa hapa kwetu Kenya. Iko Dance Centre Kenya mjini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2015, na wanafunzi wake wamecheza The Nutcracker katika ukumbi wa Kenya National Theatre. Kibera nako watoto wamefundishwa ndani ya madarasa ya kawaida, madawati yakisogezwa kando ili sakafu ipatikane. Basi si ajabu tena kwa mtoto wa Pwani ambaye wazee wake wanafanya kazi bara kurudi likizo na kumwambia nyanyake kwamba anataka anunuliwe viatu vya kusimamia vidole. Na hapo ndipo penye hatari. Viatu hivyo vikinunuliwa kabla ya wakati wake, mtoto anaweza kuteguka kifundo cha mguu leo, na kesho, na kesho kutwa, hata mguu ukawa haumwamini tena.

Mimi mwenyewe nilianza kulifuatia jambo hili kwa sababu ya binti wa ndugu yangu, aliyejifunza baleti Nairobi kwa miaka kadhaa. Alinijia mara moja na jozi yake kuukuu mkononi.

"Ami, shuleni wananiambia ati hivi vina chuma. Nikikataa hawasadiki."

"Lete kisu tutazame," nikamwambia.

"Usivikate, ami!"

"Vimekwisha, mwanangu. Hata wewe mwenyewe wasema havivaliki."

Tukakaa barazani tukavipasua. Nje palikuwa na kitambaa cha atlasi. Chini yake palikuwa na matabaka ya turubai nyembamba na kitambaa kama cha gunia, na karatasi, vyote vimegandishwa kwa gundi ya ngano, vikakauka vikawa kama kikopo kigumu cha kuvizunguka vidole. Katika wayo mlikuwa na ulimi mwembamba wa ngozi na kadibodi iliyoshindiliwa. Basi. Hapana chuma wala mti. Siku hizi wako mafundi wanaotumia plastiki, lakini kampuni ya Freed ya London, iliyoanza mwaka 1929, ingali inashona viatu hivi kwa mkono kwa njia ya kizamani. Jasho la mguu likiingia ndani, gundi hulainika na kikopo hulegea. Mchezaji mkubwa aweza kuimaliza jozi nzima katika onyesho la usiku mmoja.

Ukikitazama kiatu kilichopasuliwa namna ile utaona mara moja kwamba karatasi na gundi haviwezi kumbeba mtu. Kiatu chasaidia, sikatai. Chavikusanya vidole pamoja na kuvipa kijukwaa kidogo cha kusimamia. Lakini kinachomweka msichana pale juu ni misuli ya mguu wake, na misuli hiyo hainunuliwi dukani.

Walioanza bila kikopo

Historia yenyewe yalithibitisha jambo hilo. Mwanamke anayetajwa sana kwa kuinua hadhi ya mchezo wa ncha za vidole ni Marie Taglioni, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1804. Hakuwa wa kwanza. Huko Vienna alimwona Mtaliano, Amalia Brugnoli, akipanda juu ya vidole vyake, ila kwa jitihada kubwa ya kurusha mikono, mfano wa mtu anayejivuta kutoka kisimani. Taglioni alitaka kupanda kama moshi upandavyo. Baba yake, Filippo, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wake, alimtia katika mazoezi makali kabla ya kumtoa jukwaani Vienna mwaka 1822. Binti alifanya kazi kama saa sita kwa siku, saa mbili mbili: za kwanza kwa ajili ya miguu na nyayo, za pili kwa ajili ya kusimama imara katika maumbo mbalimbali na kuhesabu mpaka 100 bila kutikisika, na za mwisho kwa ajili ya kuruka. Tarehe 12 Machi, 1832, alipocheza La Sylphide mjini Paris, watu walidhani hana uzito.

Na alivaa nini? Alivaa kiatu laini cha atlasi, kilichotiwa nyuzi pembeni na mbele kwa sindano ili kisitanuke. Kikopo hakikuwamo. Mtu anayepanda juu kwa kiatu kama kile apanda kwa mguu wake mwenyewe. (Yasemekana kwamba wapenzi wake huko Urusi walinunua jozi yake moja, wakaipika kwa mchuzi, wakaila. Mapenzi nayo yana mambo!)

Kikopo kigumu kilikuja baadaye kidogo kidogo, hasa kwa mafundi wa Italia, na Wataliano wakaweza mambo ambayo Taglioni hakuyafanya. Pierina Legnani aliwastaajabisha watu wa St. Petersburg katika Swan Lake mwaka 1895 kwa kuzunguka mara 32 juu ya mguu mmoja. Anna Pavlova wa Urusi, aliyezaliwa mwaka 1881, alikuwa na nyayo zenye tao la juu sana na vifundo vyembamba. Watu husifu mguu wa namna hiyo kwa uzuri wake, ilhali ni mguu mgumu kuutawala, kwani kila tao linapozidi kuwa juu ndipo kifundo kinapozidi kutafuta njia ya kukimbilia. Pavlova alitia ngozi ndani ya viatu vyake kuvipa nguvu, na wako waliomlaumu kwamba anadanganya. Naye hakutegemea ngozi hiyo peke yake, bali alikwenda kwa mwalimu wa Kiitaliano, Enrico Cecchetti, aliyesifika kwa kujenga nguvu.

Mifupa 26

Sasa tuutazame mguu wenyewe. Kila mguu, kutoka kifundoni kwenda chini, una mifupa 26. Kati ya hiyo uko mmoja ambao ni wa ajabu: ule uliokaa katikati ya kifundo, chini ya mifupa miwili ya muundi. Mfupa huo hauna hata msuli mmoja ulioshikamana nao. Umekaa mfano wa tofali lililobanwa baina ya matofali mengine, na kano tu ndizo zinazouzuia. Tena umbo lake ni pana mbele na jembamba nyuma. Mtu akisimama wayo mzima chini, ile sehemu pana huingia barabara baina ya mifupa ya muundi na kifundo hujifunga. Lakini akinyoosha mguu kama mchezaji wa baleti, sehemu nyembamba ndiyo inayoingia mahali hapo, na nafasi hubaki. Kwa hiyo wakati ule ule ambapo msichana amesimama juu ya eneo dogo kuliko sarafu chache zilizopangwa, kifundo chake kimelegea kuliko wakati mwingine wowote.

Nani basi anayekishika? Kwa nje, kuna misuli miwili inayoshuka ubavuni mwa muundi na kupita nyuma ya lile jicho la nje la kifundo. Kazi yake ni kuuzuia mguu usipinduke kwa ndani. Kwa upande wa ndani kuna msuli mwingine unaolinyanyua tao. Nyuma kuna misuli ya shavu la mguu na kano yake nene ya kisigino. Na iko kano nyembamba ya dole gumba, ipitayo nyuma ya kifundo upande wa ndani, ambayo humsumbua sana mchezaji wa baleti kwani haipumziki. Chini kabisa, ndani ya wayo wenyewe, iko misuli midogo midogo ambayo watu wengi hawajui kama wanayo.

Misuli hii midogo ndiyo hasa ninayotaka kuisema. Bibi zetu walikuwa nayo. Waliovaa mitawanda, vile viatu vya mti, walikuwa wakibana msuruaki baina ya dole gumba na kidole cha pili kutwa nzima, wakienda huku na huku uani, wakipanda ngazi na kushuka. Jaribu leo uone kama vidole vyako havitashikwa na mkakamao kabla hujafika mlangoni. Sisi tumewafunga watoto viatu tangu wajuapo kusimama. Mwaka 1992 madaktari wawili wa India, Rao na Joseph, walichapa uchunguzi wao juu ya watoto 2,300 wenye umri wa miaka 4 hadi 13. Kati ya waliozoea viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa; kati ya waliotembea pekupeku walikuwa asilimia 2.8 tu. Kwa hiyo mtoto anayecheza mchangani miguu mitupu hapotezi wakati wake.

Kazi ya nyumbani

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Hayahitaji kioo, piano, wala mavazi maalumu, na msichana aweza kuyafanya chumbani kwake amevaa dera. Nitayaeleza kama nilivyoelezwa na walimu, na kama nilivyoyaona yakifanywa.

La kwanza ni kukijenga kile kijitao. Mtoto aketi kitini, wayo wote chini. Bila ya kukunja vidole, auvute ule upande wa mbele wa wayo kuelekea kisiginoni, tao liinuke kama kuba ndogo, akae hivyo kwa muda wa pumzi moja au mbili, kisha alegeze. Ni jambo dogo la kuchekesha ukilitazama, lakini siku ya kwanza wengi hawaliwezi. Vidole hukunjika vyenyewe kama makucha ya kuku. Ndiyo maana mwalimu hulirudia, kwa sababu ndani ya kiatu kigumu vidole vinatakiwa viwe virefu na vimenyooka. Vikijikunja, uzito wote hukaa juu ya vifundo vya vidole, navyo hupiga malengelenge na kuumia. Mtoto akishaweza akiwa ameketi, afanye akiwa amesimama.

Pamoja na hilo, ajifunze kuinua dole gumba peke yake huku vinne vimebaki chini, kisha vinne viinuke na dole gumba libaki. Wako wanaookota gololi kwa vidole vya miguu na kuzitia kikombeni. Hilo ni zuri kwa watoto wadogo kwa kuwa ni mchezo, ingawa kwangu mimi lile zoezi la kuba lina faida zaidi.

La pili lahitaji utepe wa mpira. Madukani huuzwa tepe maalumu za mazoezi, lakini kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa kwa urefu chafaa vile vile. Mtoto aketi chini miguu mbele, azungushe mpira chini ya wayo, ashike ncha zake mkononi, kisha anyooshe mguu polepole na kuurudisha polepole. Kurudi ndiko kwenye kazi, na watoto wote hupenda kuuachia mpira ujirudie wenyewe. Baadaye mpira ufungwe pembeni, kwenye mguu wa kitanda, na mguu wa mtoto uvute kwenda nje. Hapo ndipo ile misuli miwili ya nje, walinzi wa kifundo, inapopata chakula chake. Nionavyo, hili ndilo zoezi linalosahauliwa zaidi, kwani halionekani kama baleti.

La tatu ni kuinuka. Mtoto asimame akigusa ukuta kwa vidole vya mkono, goti limenyooka, ainue visigino mpaka mwisho na kuvishusha bila ya kuviangusha. Uzito uwe baina ya dole gumba na kidole cha pili, usimwagikie upande wa kidole cha mwisho. Ili kifundo kisitoroke, walimu huweka mpira mdogo wa tenisi baina ya visigino na kumwamuru mtoto asiuache uanguke. Kisha mguu mmoja mmoja. Wako walimu wengi ambao hawatamruhusu msichana kuvaa viatu vigumu mpaka aweze kuinuka kwa mguu mmoja mara 20 hivi mfululizo, na ile ya mwisho iwe juu sawasawa na ile ya kwanza. Si hesabu ndogo. Jaribu wewe msomaji, kisha niambie ulifika ngapi.

Hapa pia kuna suala la dole gumba kukunjika nyuma. Kila anayeswali anajua jinsi mguu wa kulia unavyosimamishwa katika kikao cha tahiyatu, vidole vikielekezwa kibla. Sisemi kwamba sala ni mazoezi ya viungo, hasha, sala ni ibada. Nataka tu msomaji apate picha ya pembe ile. Kuinuka vyema kwahitaji dole gumba likunjike karibu nyuzi 90, na mtoto ambaye dole lake ni gumu atakimbilia kupinda kifundo upande ili apate urefu. Ndipo mabaya yanapoanzia.

La nne ni la kusimama tu. Mguu mmoja, macho wazi, kisha macho yamefumbwa. Afanye anapopiga mswaki. Utamwona mguu ukitetemeka na kujirekebisha kushoto na kulia, na kutetemeka huko ndiko kujifunza kwenyewe. Katika kano na misuli mna hisia inayouambia ubongo mguu uko wapi hata kama jicho halioni. Kifundo kikiteguka hisia hiyo hupungua, na ndiyo sababu mtu aliyeteguka mara moja huteguka tena pale pale. Zoezi hili huirudisha. Nawaambia hata vijana wetu wa kabumbu, ambao kila Jumapili mmoja wao hutoka uwanjani akichechemea, wasilidharau ati kwa kuwa ni la wasichana wa baleti.

Haya yote yafanywe kidogo kidogo, siku nyingi za juma, kwa miezi. Maumivu ya uchovu ndani ya msuli ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa kidole kimoja, juu ya mfupa, yanayorudi kila siku, hayo si ya kawaida. Na mwezi wa Ramadhani kazi ipunguzwe au ipelekwe baada ya futari, kwani msuli usio na maji huchoka upesi na kifundo huponzwa na uchovu.

Umri na kipimo

Wazee huuliza sana kuhusu umri, wakitaka waambiwe ni miaka mingapi. Chama cha kimataifa cha utabibu na elimu ya densi, katika maelezo yaliyochapwa mwaka 2009, kilisema umri peke yake si kipimo. Mtoto aliyeanza masomo akiwa na miaka 8 au zaidi, na anayesoma angalau mara mbili kwa juma, aweza kufikiriwa katika mwaka wake wa nne. Ndiyo kusema kwa wengi ni miaka 12 hivi, na aliye dhaifu angoje zaidi. Anayehudhuria mara moja kwa juma, kwa kujifurahisha, hana haja ya viatu hivyo kabisa. Ni neno gumu kumwambia mtoto, lakini ni la kweli.

Kimoja katika vipimo vinavyotumika nakipenda kwa sababu chafanywa miguu mitupu. Msichana husimama kwa mguu mmoja, huinama mbele mpaka kiwiliwili na ule mguu wa pili uliorushwa nyuma viwe sawasawa na sakafu, kama ndege ya abiria. Kisha hukunja goti alilosimamia huku akishusha mikono kugusa chini, mara tano. Akiweza mara nne bila goti kuangukia ndani na bila kiuno kupinduka, amefaulu. Kipimo hiki chaonyesha kwamba kifundo hakisimami peke yake. Nyonga na tumbo vikiwa vilegevu, wayo hulipa deni.

Katika hayo, lipo neno la kina mama hasa. Mchezo huu una tabia mbaya ya kupenda wasichana wembamba kupita kiasi. Msichana anayejinyima chakula akakonda hata hedhi ikachelewa au ikakatika, mifupa yake hudhoofika, na mifupa ya wayo hupata nyufa. Mazoezi yote niliyoyataja hayatamfaa kitu. Ale samaki, anywe maziwa, ale mboga, ashibe. Mwalimu atakayemkataza atafutiwe mwingine.

Wengine wataniuliza habari ya mavazi na stara. Hilo ni la mzazi na dini yake, nami si mufti. Najua tu kwamba wako waliotafuta njia. Stephanie Kurlow wa Australia, ambaye yeye na jamaa zake walisilimu mwaka 2010, alijitokeza mwaka 2016 akitaka kusomea baleti huku amevaa hijabu, na habari zake zikaenea duniani. Na alikuwako Michaela DePrince, aliyezaliwa Sierra Leone mwaka 1995 katika nyumba ya Kiislamu, jina lake Mabinty Bangura. Vita vilimwacha yatima. Akiwa kwenye makao ya mayatima aliokota gazeti lenye picha ya mwanamke amesimama juu ya ncha za vidole, akaificha picha ile kama hirizi. Alilelewa Marekani, akacheza na Dance Theatre of Harlem, kisha tangu mwaka 2013 na baleti ya taifa ya Uholanzi. Mwaka 2017 kano yake ya kisigino ilikatika, akajijenga upya akarudi jukwaani. Alifariki mwaka 2024, naye ana miaka 29 tu. Kwa muda mrefu wachezaji weusi kama yeye walilazimika kupaka viatu vyao vya waridi rangi ya ngozi zao kwa vipodozi. Freed walianza kuuza vya rangi ya kahawia mwaka 2018, wakishirikiana na kundi la Ballet Black la London.

Akiteguka

Mtoto akiteguka, sisi watu wa Pwani hukimbilia mafuta ya moto na mkandaji. Mkandaji ana kazi yake, lakini si siku hiyo. Kwa siku mbili za mwanzo kifundo kikandwe kwa barafu iliyofungwa kitambaani, kifungwe bandeji isiyobana mno, mguu uinuliwe juu ya mto, na asikandwe kwa nguvu. Akishindwa kwenda hata hatua nne, au mfupa wenyewe ukiuma unapobonyezwa kwenye jicho la kifundo, apelekwe hospitali apigwe picha. Na uvimbe ukisha, asirudi darasani mara moja. Arudie lile la utepe wa mpira na lile la kusimama macho yamefumbwa, mpaka mguu ulioumia uwe sawa na mwenzake.

Basi tuseme mtoto amefika wakati wake. Sasa aende apimwe viatu, mwalimu awepo. Nasi tuna mazoea yetu ya kumnunulia mtoto viatu vya kukulia, vikubwa kidogo, ili vidumu mpaka mwaka ujao. Kwa viatu hivi ni kosa kubwa. Kiatu kikiwa na nafasi mguu huteleza ndani na vidole hugonga sakafu. Kiwe kimeushika wayo pande zote bila ya kuukunja. Vya dada yake visitumike, wala vya mitumba hata vikionekana vipya, maana ulimi wake umeshapindika kwa kufuata wayo wa mtu mwingine.

Siku ya kwanza ya viatu hivyo huwavunja moyo waliotarajia makubwa. Msichana hujipanga akitazama ukuta, mikono yote miwili juu ya ule mti mrefu wa kushikilia. Hupanda kwa miguu miwili, hukaa, hushuka polepole. Mara nane, labda mara kumi na sita. Mwalimu hupita nyuma akitazama vifundo tu, hasemi na nyuso. Baada ya dakika 10 hivi riboni hufunguliwa, viatu vikaanikwa vikauke jasho, na wasichana huvaa tena vile vyao laini wakaendelea na somo.